Mcheza kwao hutunzwa? Chipukizi wa tenisi Afrika Mashariki na safari inayokatikia njiani

Mwezi Julai 2022, katika viwanja vya Wimbledon jijini London, wasichana wanne walikutana kwenye fainali ya chipukizi ya wachezaji wawili wawili. Upande mmoja alikuwapo Angella Okutoyi wa Kenya, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili walisimama Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, binti wa wazazi waliohamia Amerika ya Kaskazini kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Okutoyi na mwenzake walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, kisha wakaponea chupuchupu kwa pointi 11 dhidi ya 9 katika mchezo wa kuamua. Kwa mara ya kwanza katika historia, Mkenya alikuwa ametwaa taji la Grand Slam.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, mmoja wa wasichana hao alitwaa taji la wakubwa. Hakuwa Okutoyi. Alikuwa Victoria Mboko, aliyeshinda mashindano ya Kanada mjini Montreal kwa kumfunga katika fainali Naomi Osaka wa Japani, bingwa mara nne wa Grand Slam. Mboko, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 18, alikuwa ameuanza mwaka huo akiwa nje ya nafasi ya 300 duniani. Baada ya ushindi wa Montreal aliingia katika orodha ya wachezaji 30 bora.

Ulinganisho wa wachezaji wawili hauwezi kuthibitisha kila jambo. Umri wao unatofautiana, kwani siku ile ya Wimbledon Okutoyi alikuwa na miaka 18 na Mboko 15. Vipaji navyo havifanani, na majeraha hayachagui. Hata hivyo, fainali ile inaliweka wazi swali ambalo mashirikisho ya tenisi kutoka Nairobi hadi Bujumbura, na kutoka Kigali hadi Kampala, hayajalijibu ipasavyo: kijana wa ukanda huu anapofikia umri wa miaka 18 akiwa miongoni mwa bora wa rika lake duniani, ni nani anayemshika mkono kesho yake?

Dhahabu isiyofika Paris

Kisa cha mwaka 2024 kinaonyesha uzito wa swali hilo. Mwezi Machi mwaka huo, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, Ghana, Okutoyi alishinda medali ya dhahabu ya tenisi ya wanawake kwa mchezaji mmoja mmoja, akimshinda Mmisri katika fainali. Bingwa wa Afrika alitengewa nafasi katika Michezo ya Olimpiki ya Paris. Lakini nafasi hiyo ilikuwa na sharti: mshindi alipaswa kuwa miongoni mwa wachezaji 400 bora duniani kufikia mwezi Juni. Okutoyi hakufikia kiwango hicho, na Michezo ya Paris ilianza bila yeye.

Sharti hilo lilifahamika mapema na halikutungwa dhidi ya nchi yoyote. Ndiyo sababu funzo lake ni chungu. Bingwa wa bara zima aliweza kuwashinda wapinzani waliokuwa mbele yake uwanjani, lakini orodha ya viwango haipimi ubingwa wa wiki moja. Alama ambazo mchezaji anavuna hudumu wiki 52 tu, kisha hufutika. Anayetaka kupanda hana budi kusafiri, kucheza, kushinda na kurudia tena, wiki baada ya wiki. Anayecheza mara chache hushuka hata kama anacheza vizuri.

Kwa maneno mengine, mchezaji kutoka Afrika Mashariki hukwama zaidi kwa kukosa mashindano kuliko kwa kukosa kipaji.

Ngazi na gharama zake

Mpangilio wa tenisi ya dunia unafanana na ngazi yenye vidato vingi. Kuanzia umri wa miaka 13 hadi 18, kijana hucheza mashindano ya chipukizi yanayosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF. Mashindano hayo yamepangwa kwa madaraja, kuanzia yale madogo ambayo mshindi hupata alama 30 hadi yale makubwa. Juu kabisa yapo ya Grand Slam ya vijana huko Melbourne, Paris, London na New York. Katika ngazi yote hiyo hakuna zawadi ya fedha. Bingwa wa vijana wa Wimbledon huondoka na kombe, sifa na alama, lakini si hundi.

Kidato kinachofuata ni mashindano ya kulipwa ya ngazi ya chini. Kwa wanawake, mashindano ya daraja la chini kabisa yana jumla ya zawadi ya dola 15,000 za Marekani, na fedha hizo hugawanywa kwa washiriki wote, wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Anayetolewa katika mzunguko wa kwanza hupata kiasi kisichoweza kulipia hata tiketi ya ndege iliyomfikisha hapo. Bado hajalipia chakula, malazi, viza, nyuzi za raketi, wala nauli ya kocha, ikiwa anaye.

Takwimu za ITF zenyewe zinathibitisha hali hiyo. Utafiti wa shirikisho hilo uliotumia takwimu za mwaka 2013 ulionyesha kuwa wachezaji wapatao 14,000 walishiriki mashindano ya kulipwa, na karibu nusu yao hawakupata hata senti moja ya zawadi. Utafiti huo ulikadiria kwamba mapato ya zawadi hulingana na gharama pale tu mwanamume anapofikia takriban nafasi ya 336 duniani, na mwanamke nafasi ya 253. Hesabu hiyo haikujumuisha gharama za kocha.

Kijana wa Ufaransa au Italia anaweza kufika katika mashindano mengi kwa gari moshi. Kijana wa Bujumbura au Dar es Salaam analazimika kuvuka bahari. Familia za wote wawili zinapopiga hesabu, wa kwanza anaweza kushindwa mara kumi na kuendelea kujifunza, ilhali wa pili anaweza kumaliza akiba ya ukoo mzima kwa safari mbili.

Mikono iliyomfikisha Okutoyi

Safari ya Okutoyi hadi Wimbledon haikuwa bahati nasibu. Alifiwa na mama yake siku alipozaliwa, yeye na pacha wake, na wakalelewa na bibi yao aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika shule ya Loreto Convent Valley Road jijini Nairobi. Katika uwanja wa shule hiyo ndipo alipoanza kushika raketi akiwa na umri wa takriban miaka minne. Bibi huyo hakuwa na fedha za tenisi. Alichokuwa nacho ni uthabiti wa nyumbani na ruhusa ya mtoto kujaribu, na wataalamu wa malezi ya wanamichezo hulitaja jambo hilo kabla ya kutaja mbinu yoyote ya uwanjani.

Baada ya nyumbani zikaja taasisi. Mwaka 2021 alitwaa ubingwa wa vijana wa Afrika nchini Tunisia. Januari 2022 alikuwa Melbourne, ambako aliandika historia ya kuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya chipukizi, na akafika mzunguko wa tatu. Mwaka huo alisafiri katika kikosi kilichogharimiwa na mfuko wa maendeleo ya wachezaji unaofadhiliwa na mashindano manne ya Grand Slam, mfuko ambao umekuwapo tangu 1986. Mfuko huo ulimpa safari, kocha wa msafara na ratiba ya mashindano, mambo ambayo ni vigumu kwa familia ya kawaida kuyapata. Miezi sita baada ya Melbourne alikuwa bingwa wa Wimbledon.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Msaada ulipofika kwa mpangilio, matokeo yalifuata haraka. Lakini misafara ya aina hiyo imekusudiwa vijana. Kijana akishatimiza miaka 18, mlango wa chipukizi hufungwa, na mlango wa wakubwa hufunguka kwa wenye alama au wenye fedha.

Burundi na malezi ya ugenini

Burundi inatoa mfano mwingine. Nchi hiyo, licha ya udogo wake na misukosuko iliyoipitia, imetoa wachezaji waliofika jukwaa la dunia la vijana. Hassan Ndayishimiye alicheza Wimbledon ya chipukizi mwaka 2012 baada ya kulelewa katika kituo cha ITF mjini Pretoria, Afrika Kusini. Miaka michache baadaye, Sada Nahimana aliwakilisha Burundi katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya mwaka 2018 mjini Buenos Aires, akiwa zao la kituo cha ITF na Shirikisho la Tenisi Afrika kilichoko Casablanca, Morocco.

Wote wawili walilazimika kuondoka nyumbani wakiwa bado vijana wadogo. Vituo hivyo viliwapa makocha, shule na wapinzani wa kiwango chao. Lakini malezi ya ugenini yana bei isiyoandikwa kwenye risiti: upweke, lugha ngeni, na mzazi anayesikiliza habari za mwanawe kwa simu. Historia ya Yannick Noah ni ya namna hiyohiyo. Bingwa wa Marekani Arthur Ashe alimwona mjini Yaoundé, Kamerun, mwaka 1971 akiwa na umri wa miaka 11, na muda si mrefu mtoto huyo akapelekwa kulelewa na shirikisho la Ufaransa mjini Nice. Mwaka 1983 alishinda Roland Garros, lakini kwa bendera ya Ufaransa.

Tunisia ilifuata njia tofauti kidogo. Ons Jabeur alisoma katika shule ya michezo ya taifa mjini Tunis tangu akiwa na umri wa miaka 12. Alishinda Roland Garros ya wasichana mwaka 2011, na wengi wakatarajia apae mara moja. Haikuwa hivyo. Ilimchukua hadi mwaka 2017 kuingia katika wachezaji 100 bora duniani, na hadi 2022 kufika nafasi ya pili duniani na fainali ya Wimbledon. Miaka sita kati ya kombe la vijana na 100 bora ni muda mrefu kwa mfadhili anayetaka picha ya ushindi, lakini ni muda wa kawaida katika mchezo huu.

Mpango wowote wa kumlea mchezaji unaohesabu kwa miezi badala ya miaka umejengwa juu ya mchanga.

Njia ya chuo kikuu

Okutoyi alichagua njia ambayo vijana wengi wa Afrika wanaifuata: ufadhili wa masomo nchini Marekani. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn katika jimbo la Alabama. Si mara ya kwanza kwa Kenya. Paul Wekesa, mchezaji aliyefika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995 na kushinda mataji matatu ya wachezaji wawili wawili katika mashindano makubwa ya wanaume, naye alipitia chuo kikuu huko California.

Faida za njia hiyo ni dhahiri. Mwanafunzi hupata kocha, daktari, viwanja, mechi za kila wiki na shahada ambayo hakuna jeraha litakaloweza kumnyang'anya. Kwa familia isiyo na uwezo, hakuna mpango wa nyumbani unaolingana na huo. Hasara yake ni kwamba msimu wa chuo huchukua wiki ambazo wenzake wanazitumia kukusanya alama, na mechi za chuo hazihesabiwi katika orodha ya dunia. Sharti la nafasi ya 400 kabla ya Paris lilikuwa zito maradufu kwa mwanafunzi.

Hivyo, ushauri anaohitaji kijana wa miaka 17 si wa namna ya kushika raketi peke yake. Anahitaji mtu mwenye ujuzi na asiye na maslahi yake binafsi, atakayemwekea mezani njia zote mbili, pamoja na gharama na muda wa kila moja. Mara nyingi vijana wa ukanda huu hupata ushauri huo kwa bahati, kutoka kwa mchezaji aliyewatangulia au kwa wakala anayelipwa kwa kila mkataba.

Mashindano yaje nyumbani

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mchezaji wa tenisi wa Afrika Mashariki hutunzwa pia, ila baada ya kurudi na kombe: hupokewa uwanja wa ndege, hupigwa picha na viongozi, hupewa ahadi. Anachokosa ni nafasi ya kucheza kwao.

Rwanda imeonyesha njia. Mwaka 2024 Kigali iliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya kulipwa ya wanaume ya ngazi ya Challenger, wiki mbili mfululizo, na Yannick Noah akawa miongoni mwa wageni. Mwaka uliofuata mashindano hayo yalipandishwa daraja. Nchi mwenyeji hupewa nafasi kadhaa za mwaliko kwa wachezaji wake, na wale wa nchi jirani huweza kufika kwa basi. Hata wanaotolewa mapema hurudi nyumbani wakiwa wameona kwa macho yao kasi ya mpira wa watu walio katika 200 bora. Mtoto anayeokota mipira katika mechi ya namna hiyo hujifunza jambo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha.

Kasoro moja ni ya wazi: mashindano ya Kigali ni ya wanaume, ilhali wachezaji waliolitangaza zaidi eneo hili katika miaka ya karibuni ni wasichana. Iwapo Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura na Dar es Salaam zingepanga kalenda moja ya mashindano madogo ya kulipwa ya wanawake, wiki kwa wiki, mchezaji angeweza kuzunguka kwa mwezi mzima bila kupanda ndege ya mabara. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makubaliano ya watu kusafiri kwa urahisi kati ya nchi wanachama. Michezo ni mahali pazuri pa kuyatumia makubaliano hayo.

Ulinzi wa mtoto

Fedha na mashindano havitoshi bila ulinzi. Tenisi ilijifunza hilo kwa machungu. Mmarekani Jennifer Capriati aliingia katika tenisi ya kulipwa mwaka 1990 kabla hajatimiza miaka 14. Miaka michache baadaye alikuwa amechoka na kuuacha mchezo. Kufuatia mjadala uliozuka, chama cha wachezaji wa kike kiliweka kanuni mwaka 1995: msichana wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kucheza mashindano ya kulipwa, na kuanzia 14 hadi 17 idadi ya mashindano yake ina kikomo. Capriati alirudi na kushika nafasi ya kwanza duniani mwaka 2001, lakini si wote wanaovunjika hupata nafasi ya kurudi.

Hatari nyingine ni ya fedha haramu. Jopo huru lililochunguza tenisi ya dunia lilieleza mwaka 2018 kwamba upangaji wa matokeo umeota mizizi katika ngazi za chini, na likataja chanzo chake bila kuficha: wachezaji wengi hawapati cha kuwatosha. Kijana aliye peke yake katika hoteli ya mji wa mbali, akiwa na deni la nauli, ndiye mawindo rahisi ya mcheza kamari. Kumgharimia kijana huyo ni msaada, na pia ni kinga.

Ipo pia hatari ya mtu mzima aliye karibu. Mtoto husafiri na kocha kwa majuma kadhaa, na mzazi hana wa kumuuliza. Shirikisho lolote linalotuma watoto nje linapaswa kuwa na kanuni za maandishi: nani anasafiri na nani, nani analala wapi, na mtoto ampigie nani simu akiona jambo baya. Kanuni hizo hazigharimu fedha nyingi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini katika viwanja vya vijana tatizo la mara kwa mara ni kinyume chake: mzazi anayehesabu kila pointi kama rejesho la mtaji wake. Mtoto anayecheza akiogopa safari ya kurudi nyumbani hachezi tena dhidi ya mpinzani mmoja.

Kinachowezekana

Hakuna nchi ya Afrika Mashariki yenye bajeti ya Kanada, na si lazima iwe nayo. Mambo machache yako ndani ya uwezo wa serikali na mashirikisho: mkataba wa miaka minne badala ya zawadi ya siku moja kwa kijana anayefikisha kiwango kilichotangazwa mapema, kocha mmoja wa msafara kwa wachezaji wa nchi tatu au nne, gharama zikigawanywa, viwanja vya shule na vya umma kufunguliwa kwa watoto wasio wanachama wa klabu, na mshauri wa masomo atakayekaa na familia kabla mtoto hajatimiza miaka 16.

Okutoyi alianza katika uwanja wa shule kwa sababu bibi yake alifanya kazi hapo. Iwapo angefanya kazi upande wa pili wa barabara, huenda Kenya isingekuwa na taji lolote la Wimbledon. Ukanda wenye mamilioni ya watoto hauwezi kuendelea kutegemea sadfa ya namna hiyo. Na sadfa ikishamtoa bingwa, haiwezi tena kumlipia nauli ya mashindano yanayofuata.